Kijana wa Karakana

Dada yetu mkubwa alizaliwa baba akiwa ameshamtangazia kila mteja kwamba anapata mtoto wa kiume. Akaja binti, nikafuata mimi, kisha wa tatu, sote mabinti. Baba ni fundi seremala asiyekubali kushindwa. Akamnyoa dada, akamvalisha suruali, akampeleka karakana na kumwita "kijana wangu". Dada akilia aliambiwa, "Wanaume hawalii," basi akaacha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na aliyelea ni baba, asije akawasingizia majirani.

Kufikia miaka kumi na minane, hakuna aliyemshinda kwa randa. Alikaa ameachanisha miguu, alitembea ametanua mabega. Mafundi walimwita Kaka, naye aliitika.

Kisha mama akajifungua mtoto wa kiume. Ghafla baba akayaona magoti ya dada.

"Kaa vizuri. Wewe ni mwanamke."

Miaka yote hiyo alikuwa hajagundua.

Mdogo wetu alipotimiza miaka miwili, wakaja wageni wa posa. Dada alivalishwa gauni langu, likambana mabegani. Aliambiwa ainamishe macho. Akainamisha, akaona mguu wa meza unacheza. Kila mara mjomba wa mchumba alipoweka kikombe, chai ilimwagika. Dada akavumilia mara mbili. Mara ya tatu alikuwa chali chini ya meza, gauni limepanda mapajani, anagongea kabari kwa kiatu cha mgeni.

"Imekaa," alisema kwa fahari.

Wageni waliaga kabla chai haijapoa.

Mimi sikucheka. Hasira inanipanda mpaka leo nikikumbuka baba alivyosimama mlangoni mwa karakana kesho yake.

"Humu usikanyage tena."

"Baba, kosa langu nini? Si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikufanya kijana kwa sababu sikuwa naye. Sasa ninaye."

Mwenyewe huyo kijana alikuwa mgongoni kwa mama, amelala.

Dada akaja jikoni, akasimama katikati, mikono inaning'inia.

"Mama, nishike nini?"

Mama akampa kisu na kiazi. Alikishika kisu kama patasi, akasukuma, kiazi kikaruka sakafuni. Mama akamshika mkono, akampanga vidole kimoja kimoja, kama anavyofundishwa mtoto wa miaka mitano. Dada yangu alikuwa na ishirini.