Mkate Ambao Sikuuonja

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nilisimama uani kwetu, mtaa wa Cibitoke, na mkate mkononi, watu wamenizunguka, wote macho kwenye mdomo wangu, wakisubiri nile ili wajue kama wamuue bibi yangu au wamwache. Sitii chumvi. Mmoja alikuwa na nondo, mwingine mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, na bibi alikuwa tayari chini, kilemba kimemtoka, damu inamtiririka sikioni. Sasa nina watoto wangu, na mpaka leo nikinusa mdalasini shingo inanikakamaa. Mume wangu hunicheka. Acha acheke, yeye hakuwepo.

Mkate wenyewe ulikuwa mdogo, wa duara, unang'aa juu kwa maji ya sukari, na msalaba mweupe mgongoni. Bibi, mama yake mama yangu, aliwahi kupika miaka mingi kwa mama mmoja Mwingereza aliyeishi hapa Bujumbura. Yule mama alipoondoka alimwachia sufuria mbili na ujuzi wa kuoka mikate ya Ijumaa Kuu, basi. Mtaani kwetu hakuna aliyeijua. Mkate wetu sisi ni ule mrefu wa Kifaransa, unaubania kwapani unakwenda zako. Lakini bibi alikuwa mtu wa maringo yake, na kila Pasaka lazima majirani wale mikate yake wamsifu.

Ijumaa asubuhi alichanganya unga, hamira, maziwa ya vuguvugu, mdalasini, maganda ya chungwa, na zabibu kavu ambazo hakuniacha nazo peke yangu hata dakika moja, maana alinijua. Kisha akaanza kulipiga donge. Alilipiga kwa ngumi mpaka meza ikawa inahama.

"Bibi, mbona unalipiga hivyo?"

"Nyamaza, we mutoto. Nampiga Pilato."

Misalaba haikukatwa kwa kisu. Alikoroga unga na maji ukawa uji mzito, akautia kwenye kifuko cha plastiki, akatoboa pembe, akawa anaichora mmoja mmoja, imenyooka sawasawa. Sita ya mwisho alinipa nichore mimi. Yangu yote ilipinda. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema Yesu wangu mimi alisulubiwa na fundi mulevi.

Tanuru hatukuwa nalo. Tulibeba sinia mpaka mtaa wa Buyenzi kwa Mzee Amisi, muoka mikate, Mwislamu wa miaka mingi pale, ambaye tanuru lake lilipumzika baada ya sala ya Ijumaa likiwa bado na moto wake.

"Mama, leo unanibatizia tanuru," alisema.

"Lilikuwa na haja," bibi akamjibu. "Linanuka dhambi."

Mikate ilipotoka bibi alimega mmoja, akala kidogo mbele yake, ndipo akampa. Mzee Amisi naye akala. Na hapa ndipo penye kisa chote, kwa hiyo nikieleze vizuri.

Kwetu, ukimpa mtu wa nje chakula au kinywaji, unaonja kwanza mbele ya macho yake. Mwenye pombe hunywa kwanza, mwenye mkate humega kwanza. Ndivyo unavyomwambia kwamba hakuna sumu. Watu wetu wanawaogopa walozi kuliko risasi. Bombani tulikoteka maji nilikuwa nimesikia yote: kwamba mlozi huficha sumu chini ya ukucha, na kwamba sumu hiyo ina njaa yake, asipompa mtu wa nje itamla wa nyumbani. Lakini ndani ya nyumba hatuonjeani. Ukimwonjea ndugu yako ni kama umemtukana, umemwambia kwamba anakudhania mabaya.

Jumamosi asubuhi bibi alinipangia mikate kwenye kikapu na kuifunika kitambaa. Alinishika sikio, si kwa nguvu.

"Goreti, sikia. Kila nyumba unamega, unakula mbele yao, njo unawapa. Usipoonja, si we watakupiga. Watanipiga mimi."

Nikasema ndiyo bibi. Nikaondoka nikiwa nimeshaamua kwamba sitaonja.

Kesho yake nilikuwa nipokee komunyo ya kwanza. Katekista wetu, mtu mkali kama pilipili, alituambia kwamba tangu Ijumaa Kuu mpaka misa ya Pasaka mwenye kutia hata punje mdomoni ataupokea mwili wa Bwana kwa hukumu yake. Mimi nilikuwa na gauni jeupe tayari ukutani. Sikutaka hukumu, nilitaka gauni. Nikapita nyumba zote nikitoa mikate kwa mikono miwili na tabasamu, nikisema "Paska njema," nikiondoka kabla hawajaniuliza. Kwa Mama Eliki, jirani wa ukuta kwa ukuta, niliacha miwili yenye misalaba iliyopinda. Alinitazama akasubiri kidogo. Mimi nikageuka.

Nyumbani bibi aliuliza, "Ulionja?"

"Nilionja, bibi."

Nilimdanganya siku ya mfungo ili nisivunje mfungo. Akili za mtoto, jamani!

Saa saba mchana tulisikia ukelele upande wa pili wa ukuta. Eliki, mtoto wa miaka minne, alikuwa amekula mkate, akalala, kisha mwili ukaanza kumruka, macho yamegeuka juu. Mama yake alimbeba mgongoni akakimbia naye kwenye zahanati. Aliyebaki ni kaka yake Mama Eliki, anaitwa Nesto, fundi wa kuchomelea vyuma, na Nesto hakukimbilia zahanati. Alikuja kwetu.

Hakubisha hodi. Mlango wa bati wa uani ulianguka pamoja na bawaba zake, na nyuma yake waliingia watu wengi, wengine nikawajua: mama wa bombani, muuza mkaa, hata wale niliowapa mikate asubuhi. Nesto alikuwa ameshika nondo mkono mmoja, na mkono wa pili nusu ya mkate.

"Umeweka nini humu, we mukecuru, we kizee?"

"Zabibu," bibi alisema. Masikini, alidhani anaulizwa mapishi.

Nondo ilimpata begani. Mpaka leo nausikia ule mlio, mkavu, kama kuni inavunjwa gotini. Alikaa chini kwa makalio, miguu mbele. Mama mmoja alimvuta kilemba na nywele pamoja. Muuza mkaa akapiga teke meza, sinia ikaruka, mikate iliyobaki ikatawanyika vumbini, na watu wakaikanyaga huku wakiiogopa, wanaruka kama wamekanyaga moto.

"Tazameni!" Nesto aliuinua ule wa Eliki. "Mingine musalaba umenyooka, huu umepinda. Anaweka alama ajue ni upi uko na sumu!"

Bibi aliutazama msalaba ule. Alijua ni mkono wa nani. Alinitupia jicho mara moja, haraka, kisha akainamisha kichwa. Angeweza kusema ni mimi niliyeuchora. Walimpiga kofi, wakampiga mateke ya mgongo, na hakusema.

"Mjukuu wangu alionja," alisema tu. "Muulizeni. Alionja kwenu wote."

"Hakuonja!" alipiga kelele mama wa bombani. "Kwangu hakuonja!"

"Hata kwangu!"

Bibi aliniangalia. Sikuweza kumwangalia. Hapo nondo ilishuka tena, na safari hii aliinua mkono kujikinga, ikampata kiganja. Alilia kwa mara ya kwanza. Alilia kama mtoto, ee Mungu wangu, bibi yangu aliyempiga Pilato.

Aliokota mkate chini kwa mkono mzima akautia mdomoni, akatafuna na mchanga wake. Nesto akamcheka. Mlozi hafi kwa sumu yake, alisema, ana dawa yake. Akanigeukia mimi, akanipa ile nusu ya Eliki.

"Kula we. We ni damu yake. Tuone kama atakubali ule."

Niliupokea. Sikuula.

Miaka na miaka niliwaambia watu, na hata padri katika kitubio, kwamba nilisita kwa ajili ya komunyo. Ni uongo. Wakati ule hata gauni nilikuwa nimelisahau. Mtu mmoja nyuma alikuwa ametamka, "Hata binti yake mwenyewe alikufa kwa tumbo humu ndani," na huyo binti alikuwa mama yangu. Ni kweli alikufa kwa tumbo, katika nyumba ile, akilishwa uji na mkono ule ule. Nikakumbuka sumu yenye njaa inayowala wa nyumbani. Nikautazama mkate, nikamtazama bibi, na mimi, niliyelala mgongoni mwake tangu nimeachwa yatima, nikawaza: huenda ni kweli.

Haikuchukua muda. Labda muda wa kumeza mate. Lakini bibi alikuwa ananitazama usoni na alikiona nilichowaza. Na wao walikiona pia, kwa sababu kelele iliyopigwa pale ilikuwa kelele ya furaha.

"Anaogopa! Mutoto mwenyewe anaogopa!"

Wakamrukia wote kwa pamoja. Niliona mchi unapanda na kushuka. Niliona mguu wa bibi, umevuliwa kiatu, unatapatapa. Hapo ndipo nilipoujaza mkate mdomoni. Niliula wote, nikapiga magoti nikaokota mwingine wa vumbini, nikaula, nikachukua wa tatu, natapika na kula, napiga kelele mdomo umejaa, "Nakula! Tazameni, nakula! Mwacheni!"

Nesto ndiye aliyewazuia. Siyo kwa huruma, nisiseme uongo. Alisema tusubiri. Kivuli cha ukuta kikifika kwenye mtungi wa maji, mtoto akiwa hai, basi. Akifa, tunammaliza mukecuru.

Basi wakakaa. Wengine walichuchumaa, mmoja aliomba maji ya kunywa kisha akakumbuka yuko wapi akakataa. Mimi nilikaa katikati ya uwanja, kitambaa cha kikapu magotini, nikilisikiliza tumbo langu. Bibi alilala ubavu karibu nami, jicho moja limevimba likafunga. Kila tumbo liliponikata nilijua ndiyo imeanza. Sijawahi kuona watu wazima wakiwa watulivu hivyo wakimngoja mtoto afe.

Kivuli hakikufika. Alifika Mama Eliki, amekimbia njia nzima, kitenge kinaburuta.

"Ni malaria!" alisema. "Wamemutia sindano. Ameamuka, anaomba maji." Kisha akamwona bibi, akaona nondo ya kaka yake. "Nesto, umefanya nini? Nesto!"

Waliondoka mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaotoka kwenye mkutano. Mama wa bombani aliusimamisha mlango wa bati akauegemeza ukutani, nadhani hiyo ilikuwa ndiyo samahani yake. Mama Eliki alibaki, akamwosha bibi damu, akilia zaidi yetu.

Sikupokea komunyo mwaka ule. Bibi alipona, ila vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena, na donge akawa analipiga kwa kisigino cha kiganja. Kuhusu siku ile hakunisema hata mara moja. Ningependa angenichapa. Badala yake alianza jambo jingine: kila aliponipa chakula, iwe maharage, iwe uji, iwe nusu ya ndizi, alionja kwanza mbele ya macho yangu, ndipo akanipa. Ndani ya nyumba yetu wenyewe! Kama mtu wa nje. Nilikula hivyo mpaka naolewa. Nilijua maana yake. Alikuwa ananikumbusha nilichowaza.

Pasaka yake ya mwisho alikuwa hatoki tena kitandani. Nilikanda mwenyewe, nikaoka Buyenzi kwenye tanuru lile lile, sasa la mtoto wa Mzee Amisi, nikamletea mkate ungali moto. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamega, nikapeleka mdomoni mwangu kuonja kwanza. Alinishika mkono kwa vile vidole vyake vibovu.

"Unaonja nini, we?"

"Si ndivyo tunavyofanya, bibi."

"Leta hapa. Mi sikukuogopa hata siku moja."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nililokuwa sijamwambia mtu, kwamba siku ile haikuwa mfungo, kwamba nilimwogopa yeye.

"Najua," alisema. "Ulikuwa mutoto, walikutia hofu. Njo maana nilikuwa naonja. Usiogope tena." Akatafuna pole pole, meno yamebaki machache, akautazama mkate. "Na misalaba yako bado inapinda."

Miaka yote ile nilidhani ni fimbo, kumbe alikuwa ananibembeleza. Sijui nimlilie kwa lipi kwanza.

Ninaoka kila Ijumaa Kuu. Kwa majirani naonja mwenyewe, kila nyumba, mpaka nashiba. Kwangu ninaiweka sinia mezani tu, na wanangu wanainyakua mikononi mwangu na kuijaza midomoni bila hata kuniangalia, nami ninajifanya natafuta kitambaa cha kupangusia meza.