Anwani Yenye Ritifaa

Mpaka leo sijui vizuri anwani sahihi ya barua pepe ni ipi, na hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nalipwa kuijua.

Nilikuwa nimeitengenezea kampuni moja ya mizabibu, kule Makutupora, fomu ya kuombea kazi mtandaoni. Fomu yangu ilikuwa kali. Ukiandika anwani yenye alama nisiyoitaka, inakutolea maandishi mekundu: "Barua pepe si sahihi." Nilizozitaka, ukiacha ile @, ni herufi, namba, nukta na kistari, basi. Kanuni hiyo niliinakili mahali, sikumbuki wapi, na nikajiona fundi kwelikweli.

Siku ya mwisho ya kuomba, saa moja kabla fomu haijafungwa, alinipigia binti mmoja wa Mlali aliyekuwa amemaliza chuo cha kilimo. Namba yangu ilikuwa chini ya fomu.

"Shikamoo kaka. Fomu inaigomea imeli yangu."

"Marahaba. Umeweka ile @?"

"Nimeweka. Ni imeli niliyopewa na chuo, sina nyingine."

Nikamwambia anisomee. Jina la ukoo wake linaanza na ng', kama majina kadhaa ya huku kwetu, na chuo kilikuwa kimeliandika kama lilivyo kwenye cheti, na ritifaa yake, kile kikoma cha juu tulichofundishwa kwenye ng'ombe. Nikacheka. Nani anaweka ritifaa kwenye barua pepe?

"Itoe hiyo," nikasema.

"Itafika kweli?"

"Itafika."

Akaitoa, fomu ikapokea. Wala sikufikiria mara mbili. Jina la babu yangu nalo lina ng', na ritifaa yake ilidondoka kwenye karatasi zangu tangu darasa la kwanza bila mtu kulalamika. Nilidhani ni pambo tu.

Wiki chache baadaye, nikiwa natengeneza fomu nyingine, nikaamua kusoma waraka wenyewe wa kanuni za anwani. Ritifaa inaruhusiwa. Nikarudia kusoma, nikidhani nimekosea mstari. Alama ya mshangao inaruhusiwa. Hata nafasi tupu inaruhusiwa, ukiifungia ndani ya alama za kunukuu. Nikaenda kwenye huduma moja ya bure ya barua pepe, nikajaribu kufungua anwani yenye ritifaa, ikanikatalia. Waraka unasema ndiyo, hawa wanasema hapana, chuo kinawagawia wanafunzi wake. Nikavurugwa. Nimsikilize nani?

Kilichonitisha zaidi ni kwamba fomu yangu haikuwa inajua kama anwani ina mwenyewe. Anwani ya mtu asiyekuwepo duniani, mradi imeandikwa kwa herufi safi, inapita bila shida. Hapo ndipo nilipomkumbuka binti wa Mlali.

Kwenye mfumo wa fomu kulikuwa na kisanduku ambamo barua za kampuni zilizoshindwa kuwafikia waombaji zilikuwa zinarudi. Hakuna aliyewahi kukifungua, nikiwemo mimi. Barua aliyotumiwa yeye ilikuwemo. Aliitwa kwenye usaili, na usaili ulikuwa umefanyika juzi yake. Nikaipigia kampuni, nikaambiwa mtu ameshapatikana.

Niliona aibu mpaka simu ikawa nzito mkononi. Nikampigia.

"Kumbe waliniita?" akasema. "Mimi nilijua nimekosa. Nikamwambia mama, nimekosa."

Nikaanza kumweleza habari za waraka, za huduma zinazokataa, za fomu nitakayoirekebisha ili ianze kwa kutuma barua ya majaribio. Maneno yalinichanganya hata mimi niliyekuwa nayasema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kaka, nilivyoandika mwanzo, nilikuwa sahihi?"

"Ulikuwa sahihi."

"Sasa mbona ulinisahihisha?"

Nikasema mtandao unakatika, simsikii. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.