Aliita Kwanza

Mama ni mshonaji, na mguu wake wa kushoto haukunjiki. Wageni wakiuliza, Baba huwahi kujibu.

"Huyu mwenzangu ana haraka tangu usichana. Aliruka kabla sijamwita."

"Haraka zangu hizo," husema Mama, na wote hucheka.

Zamani walikuwa wanasarakasi. Mama alikuwa akiruka kutoka bembea moja. Baba, akining'inia kichwa chini kwenye bembea ya pili, alikuwa akimdaka. Sheria ilikuwa moja tu: mrukaji haachii mpaka mdakaji aseme "njoo". Siku Mama alipoanguka walikuwa wanapigwa picha za filamu. Baada ya ajali, filamu ile ikatupwa stoo, hakuna aliyeiona.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa chuo aliifufua, akatualika. Baba alikataa.

"Nikaangalie nini, mke wangu akivunjika?"

Tukaenda mimi na Mama, tukakaa kwenye viti vya plastiki. Filamu yenyewe haina sauti, na picha zake zinatetemeka kama zina homa. Mama alionekana kwa nyuma, mwembamba, ameshika bembea. Mbele yake, uso wa Baba. Midomo ya Baba ikasogea, polepole. Hata mimi nililisoma lile neno. Mama akaachia. Mikono ya Baba ilikuwa imenyooka kumpokea. Halafu akaikunja kifuani, kama mtu aliyesikia baridi.

"Rudisha," Mama alimwambia mwalimu. Akaangalia tena.

Njiani aliniambia, "Wiki ile nilikuwa nimemwambia nahamia kundi lingine."

Jumapili iliyopita, mbele ya Baba, Mama alikubali kuja kuishi kwangu. Kesho yake Baba aling'oa kishikio cha ngazi ya nyumba yao ya ghorofani. Alisema kimeoza. "Si nipo? Nitamshika mimi."

Asubuhi iliyofuata nilipokwenda kumchukua, Mama alikuwa amesimama juu ya ngazi, kifurushi chake kwapani. Baba alikuwa katikati, amenyoosha mikono.

"Njoo," alisema kwa upole.

Mama alimtazama. Kisha akakaa chini, akatanguliza mguu mzima, akaanza kuteremka kwa makalio huku akijibana ukutani. Alipompita, upindo wa gauni lake ulifagia viatu vya Baba.

"Leo huna haraka," Baba alisema.

Mikono yake ilikuwa bado imenyooka.