Bonasi Moja ya Chai, Madeni Matatu

Kosa ni langu. Msinitafutie kisingizio, maana nimekitafuta mwenyewe nikakikosa.

Nalima chai huku miinuko ya Meru. Shule niliiacha mapema, lakini hesabu nilijifunza mwenyewe vitabuni, hata kikundi chetu cha wakulima kikanifanya mweka hazina. Watu waliniamini. Ole wangu!

Nilichukua viti vya sebuleni kwa mkopo. Nikapiga hesabu: bonasi ya chai, yale malipo ya nyongeza ya kila mwaka, itavilipa. Baadaye nikachukua runinga kubwa katika duka lingine. Nikapiga hesabu: bonasi inatosha. Kisha pikipiki, kwa mkopo wa chama cha akiba. Bonasi ile ile, na tena ikatosha!

Kila hesabu niliifanya kana kwamba zile nyingine hazipo.

Mkopo wa pikipiki ulitaka mdhamini. Nikamwendea mjane wa kaka yangu, ambaye tegemeo lake lilikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa.

"Shemeji, una deni lingine?" aliniuliza, kalamu ikiwa mkononi.

"Hapana, Mama Kendi. Ni hili tu."

Nilimdanganya huku nikimtazama machoni!

Malipo ya mwezi yakanishinda. Nikakopa kwa simu kulipia viti, nikakopa tena kulipa ule wa simu. Bonasi ilipokuja ilikuwa ndogo, na wenye viti na runinga wakaimaliza. Pikipiki ikachukuliwa, na deni lake bado halikuisha. Chama kikamgeukia mdhamini.

Siku walipokuja kumchukua ng'ombe wake ndipo nilipomweleza Mama Kendi yote.

"Kumbe hiyo bonasi ni binti yako?" akasema. "Umemlia mahari nyumba tatu! Sasa utamwoza wapi?"

Jirani aliyekuwa uani akaangua kicheko. Mama Kendi hakucheka. Alikuwa akifungua kamba ya ng'ombe.

Sasa watoto wa kaka yangu wanakunywa chai ya rangi. Nikiwapita njiani wananiamkia kwa heshima, na hiyo ndiyo inayoniua. Sijui nitaanzia wapi!

Ndugu msomaji, usipime deni moja moja. Jumlisha malipo yote ya mwezi, uyalinganishe na kinachobaki baada ya chakula na karo. Ukijikuta unakopa ili ulipe mkopo, simama hapo hapo, uwaambie wa nyumbani.

Na anayekudhamini mwambie yote kabla hajatia sahihi. Mimi nilisema ukweli waliomfuata ng'ombe wakiwa tayari langoni.