Chupa Kifuani

Muuza mafuta ya nazi wa soko la Kangemi haulizi mteja anataka chupa ngapi. Anauliza, "Ya kupika ama ya kupaka?" Kaluki, anayeuza sukuma wiki meza ya jirani, amelisikia swali hilo miaka sita na bado hujikuta akingoja jibu. Ukisema ya kupika, unapewa chupa jinsi ilivyo, mafuta yameganda meupe kwa baridi ya Julai, sufuria itayayeyusha. Ukisema ya kupaka, mama huyo hufungua vifungo viwili vya sweta, akaitia chupa kifuani na kuikumbatia kwa mikono yake mipana, inayong'aa hadi kwenye kucha, mpaka mafuta yaanze kuteleza. Wenye haraka hununa. Yeye huwaambia polepole, "Mtoto asishtuke."

Alhamisi asubuhi alikuja mwanamume aliyevaa koti la suti na viatu vyenye matope.

"Ya kupika ama ya kupaka?"

"Ya kupaka. Ni ya mamangu." Akatazama chini. "Tunaenda kumvalisha mochari, tumpeleke nyumbani Mwingi."

Kaluki aliacha kukata sukuma. Alidhani leo chupa itatolewa jinsi ilivyo, kwa kuwa maiti hashtuki. Lakini muuza mafuta alifungua vifungo viwili, kisha cha tatu, akaitia chupa kifuani na kuinamisha kichwa. Aliikumbatia muda mrefu kuliko alivyowahi kuikumbatia kwa ajili ya mtoto yeyote, na mwanamume yule hakuwa na haraka.