Jiwe Lisilotwangwa la Matongo

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya jiwe. Mwalimu Nyamhanga, mwanafunzi wangu wa zamani anayefundisha Tarime, aliniletea kipande kidogo kama ukucha: cheusi, laini, kinabanduka tabaka kwa tabaka. Nilikuwa nikitafiti tabia ya elektroni ndani ya tabaka jembamba kupita kiasi, na fedha za kigeni za kuagiza fuwele hazikuwepo. Mashine ya kupima mwanga tuliyoazimwa pale chuoni ilikuwa irudi kwa wenyewe mwisho wa muhula. Nisipopata fuwele kubwa, nzima, utafiti wangu ungeishia hapo.

Treni mpaka Mwanza, meli mpaka Musoma, basi mpaka Tarime. Sitawachosha kwa habari za mgongo wangu. Kutoka mjini, mimi na Nyamhanga tulipanda lori la ushirika juu ya magunia, na baridi ya asubuhi ikanikumbusha sweta niliyoidharau wakati wa kufunga mizigo.

Matongo tulifika mchana. Mwenyeji wetu, Mzee Marwa, alikuwa amehamia kwenye mstari wa nyumba mpya za kijiji cha ujamaa, ila shimo lake la dhahabu hakuliacha. Nyamhanga alikuwa amemwambia nataka lile jiwe jeusi ambalo wachimbaji hulitupa. Mkewe, Mama Bhoke, alitulisha ugali wa wimbi na maziwa mgando, kisha akaniletea kopo lililofunikwa kwa kitambaa safi.

"Karibu mgeni. Tumekutengenezea."

Nikafunua. Unga mweusi, umetwangwa ukatwangika.

Kwa wachimbaji wale, ambao hutwanga mawe ili kutoa dhahabu, kumpa mgeni jiwe zima ni kama kumpa kuku na manyoya yake: umemwachia kazi yako aimalize. Nilishukuru, kisha nikasema ukweli, kwamba nilihitaji jiwe zima. Nilitoa kile kipande changu, nikakibandika selotepu, nikabandua. Tabaka moja likabaki, jembamba hata mwanga ukapita.

"Mwanga ukipiga hapa," nilimwambia Mzee Marwa, "elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Haiendi mbali. Yenyewe na pengo lake huvutana na kutembea pamoja, na jozi hiyo tunaiita eksitoni. Tabaka likiwa jembamba hakuna pa kupanda wala kushuka, kwa hiyo hushikana zaidi. Nataka kuona zinavyoshikana."

"Kama ng'ombe na ndama wake kwenye zizi dogo," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na tukitwanga?" aliuliza Mama Bhoke.

"Zizi linavunjika, mama."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Basi tangu juzi mimi navunja mazizi tu. Na wewe mura, kijana wangu," akamgeukia Nyamhanga, "kwa nini hukusema?"

Mzee Marwa hakucheka. Lilibaki jiwe moja zima, kubwa kama kiganja, chini ya ghala. "Hilo silitoi hivyo hivyo," alisema. "Majirani waone mgeni wangu anaondoka na jiwe? Watasema kwa Marwa hakuna mikono."

Jioni nzima Nyamhanga alimbembeleza kwa Kikurya.

Asubuhi Mama Bhoke alikata shauri. Fuwele aliifunga kwa kanga, akailaza chini ya kikapu, na juu yake akaweka lile kopo la unga, wazi. Mzee Marwa alibeba kikapu mwenyewe mpaka kwenye lori, akisimama kila mlango kusalimia, na kila aliyechungulia aliona unga. Aliponikabidhi alishusha sauti.

"Mwanangu, nimekupa kazi ambayo haijaisha. Usiniaibishe."

Dar es Salaam niliibandua fuwele ile, nikaipoza kwa naitrojeni kimiminika, baridi kuliko barafu, nikaimulika. Kalamu ya mashine ikachora mahali ambapo zile jozi humeza mwanga: mstari mwembamba, safi, bila shaka yoyote. Nililia peke yangu kwenye chumba cha giza. Nilikuwa nimejifunza kwamba ukienda kwa watu kuomba kitu, waambie kwanza unakwenda kukifanyia nini, kwa sababu nao wana heshima yao ndani yake.

Mashine ilipokwisha kufungwa kwenye sanduku lake, nilikwenda posta kumpelekea Nyamhanga telegramu. Karani aliniuliza kama maneno ni hayo tu. Nikamwambia ni hayo tu: Mwambie Mzee Marwa kazi imeisha.