Maharage Kabla ya Mbio

Harufu ya maharage yakichemka na ndizi bado hunirudisha kwa mama. Sisi wafugaji tulikatazwa kunywa maziwa siku tuliyokula maharage, ng'ombe wasije wakakaukiwa. Siku ya mbio za shule, rafiki yangu, mtoto wa wakulima, alinigawia maharage yake kwenye jani la mgomba. Nikala, nikakimbia.

Jioni mama alinipa kibuyu cha maziwa. Nilikitamani, lakini sikukipokea.

“Umekula nini wewe?”

“Maharage, mama.”

Alitazama zizini, kisha miguu yangu yenye vumbi. “Na mbio je?”

“Niliwaacha wote, hata wavulana.”

Akacheka. “Haya, maziwa ni kesho.”

Asubuhi nilikunywa mpaka tone la mwisho. Kisha akanituma kwa kina rafiki yangu, nikaombe mbegu za maharage.